Dhamana si kuachiliwa: niliyojifunza kwenye kesi ya kaka yangu

Dada uliyeuliza jana kama kesi ya mauaji ya mdogo wako imekufa kwa kuwa mshukiwa ameonekana mtaani akinunua mkate: pole sana. Haijafa. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010, hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana, kifungu cha 49, isipokuwa mahakama ionyeshwe sababu nzito za kumnyima. Kesi inaendelea vilevile.

Nimekalia mabenchi ya mahakama ya Milimani, Nairobi, miaka minne. Kaka yangu alidungwa kisu kwenye ploti yetu Dandora, ugomvi wa maji. Walipigana ngumi uani, wakaachanishwa. Yule mtu akapanda ngazi hadi kwake orofa ya tatu, akarudi na kisu. Aliyemwona akipanda na kushuka ni mama mmoja tu, jirani yetu.

Hizo ngazi ndizo zilikuwa kesi yenyewe. Ili kosa liwe mauaji, kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinataka nia ovu, na cha 206 kinaeleza kwamba si lazima mtu awe amepanga siku nyingi. Kukusudia kuua au kumjeruhi mtu vibaya kunatosha. Lakini kama ametenda kwa hasira ya kuchokozwa ghafla, kabla hajapoa, kifungu cha 207 kinaishusha kuwa kuua bila kukusudia. Anayekwenda kwake kuchukua kisu amepata muda wa kupoa.

Mshtakiwa alipotoka kwa dhamana, yule mama akaanza kupigiwa simu usiku. Alituambia. Sisi tukamfariji, hatukumwambia mpelelezi, na hilo linaniuma mpaka leo. Akahamia ushago, simu ikazimwa. Bila yeye, ilibaki hadithi ya watu wawili waliopigana.

Kwa hiyo shahidi wenu akitishwa, semeni siku hiyohiyo. Kiongozi wa mashtaka anaweza kuomba dhamana ifutwe, na lipo Shirika la Kulinda Mashahidi.

Sisi yaliisha kwa makubaliano ya mshtakiwa na upande wa mashtaka: alikiri kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 10. Kabla ya hapo kiongozi wa mashtaka alituita, maana sheria inamtaka aisikilize familia. Tulinyamaza, tukidhani tumeitwa kuarifiwa tu. Nyinyi msinyamaze. Kama mna uwezo, wekeni wakili wa familia.

Wajomba wakisema "atanyongwa", usijenge moyo wako juu ya hilo. Kifungu cha 204 bado kinataja kifo, ila Mahakama ya Juu, kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, iliamua kwamba jaji halazimiki kutoa hukumu hiyo, na Kenya haijanyonga mtu tangu 1987.

Kesi yenu inatajwa lini? Nitumie tarehe kwa ujumbe wa faragha. Nitakuja tukae pamoja.