Maswali na majibu: Scott Walker, gavana aliyepanda na kushuka kwa hesabu

Wengi mmetuandikia kuhusu Scott Walker wa chama cha Republican, aliyekuwa gavana wa jimbo la Wisconsin, Marekani, kuanzia Januari 2011 hadi Januari 2019. Ushauri wetu ni mmoja: hotuba zake ziwekeni kando kwanza, mtazame idadi zinazotakiwa na sheria. Humo ndimo siasa yake ilimofanyikia.

Ni kweli aliongoza jimbo bila shahada?

Kweli. Alizaliwa Colorado Springs tarehe 2 Novemba 1967, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, akakulia Delavan, Wisconsin. Aliondoka Chuo Kikuu cha Marquette mwaka 1990 bila kuhitimu, akaajiriwa na Msalaba Mwekundu. Katiba ya Wisconsin inamtaka gavana awe raia wa Marekani na mpiga kura halali wa jimbo, basi. Mwaka 1993 aliingia Bunge la jimbo. Mwaka 2002 akachaguliwa mkuu wa Kaunti ya Milwaukee, baada ya mtangulizi wake kuachia ngazi kwa kashfa ya mafao manono ya kustaafu. Ni huko alikojulikana kwa kubana matumizi.

Mimi ni mwalimu. Hiyo "Sheria ya 10" iliwafanya nini walimu wa kule?

Ni sheria ya Walker ya 2011 kuhusu watumishi wa umma na vyama vyao. Tuanze na mfukoni. Watumishi wengi wa umma walitakiwa kuanza kuchangia pensheni yao nusu kwa nusu na mwajiri, wakati ule takriban asilimia 5.8 ya mshahara. Anayelipwa dola 40,000 kwa mwaka alikatwa kama dola 2,320. Wafanyakazi wa jimbo walilipa pia angalau asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya afya. Walker alisema jimbo lilikabiliwa na pengo la bajeti la dola bilioni 3.6 kwa miaka miwili, na makato haya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa tayari kuyakubali.

Kilichovunja vyama ni sehemu ya pili. Majadiliano na mwajiri yalibakizwa kwenye mshahara wa msingi tu, na nyongeza isizidi mfumuko wa bei mpaka wananchi waipigie kura. Mwajiri akakatazwa kukata ada ya chama kwenye mshahara. Kisha kila mwaka chama kipigiwe kura upya, kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote kinaowawakilisha, si ya waliojitokeza. Chukua shule zenye wafanyakazi 200: waliosema ndiyo 100, waliosema hapana 20, na 80 hawakupiga kura. Chama kimeanguka, kwa sababu kilihitaji 102. Asiyekuja kahesabiwa kuwa kakataa, na hakuna gavana wala mbunge anayechaguliwa kwa kipimo hicho. Polisi na wazimamoto hawakuguswa. Tunaona wakosoaji wana hoja nzito hapo: kama dawa ilikuwa ya bajeti, kwa nini wengine wasinywe?

Kwa nini maseneta walikimbilia jimbo jingine?

Ili kuzuia muswada wa Sheria ya 10. Seneti ya Wisconsin ina viti 33. Muswada wa fedha unahitaji akidi, yaani wahudhuriaji wasiopungua 20, na Republican walikuwa 19. Maseneta wote 14 wa Democrat walivuka kwenda Illinois tarehe 17 Februari 2011, mahali ambapo polisi wa Wisconsin wasingeweza kuwarudisha. Jengo la Bunge mjini Madison likajaa waandamanaji kwa wiki kadhaa. Tarehe 9 Machi Republican waliviondoa vifungu vya fedha vilivyodai akidi hiyo, wakapitisha vilivyobaki kwa kura 18 dhidi ya 1. Walker alitia saini siku mbili baadaye.

Kenya gavana huondolewa na bunge la kaunti na Seneti. Kule wananchi walitaka kumwondoa wenyewe?

Ndiyo. Wisconsin, kiongozi akishamaliza mwaka mmoja madarakani, wananchi wana siku 60 kukusanya saini zinazofikia robo ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana. Zilihitajika 540,208, zikapatikana zaidi ya 900,000. Lakini saini zinaleta uchaguzi tu, hazimwondoi mtu. Tarehe 5 Juni 2012 Walker alimshinda Tom Barrett wa Democrat, mpinzani yule yule ambaye Walker alimshinda pia 2010, kwa takriban asilimia 53. Akawa gavana wa kwanza wa Marekani kunusurika kura ya namna hiyo.

Mbona mbio zake za urais zilikufa haraka?

Pesa ya aina isiyofaa. Alitangaza nia 13 Julai 2015, akajitoa 21 Septemba. Kamati huru iliyomuunga mkono ilikuwa na mamilioni, ila kisheria haiwezi kulipa mishahara ya kampeni yenyewe. Kampeni hulipwa kwa michango ya watu binafsi, wakati ule isiyozidi dola 2,700 kwa kila uchaguzi, naye alikuwa ameajiri watu wengi mno. Kura za maoni zilipomshusha, michango ikakauka.

Nasikia aliwahi kubadili mwaka kwenye sheria kwa kalamu?

Gavana wa Wisconsin ana kura ya turufu ya kipekee: katika muswada wa matumizi anaweza kufuta maneno na tarakimu moja moja. Kwenye bajeti ya 2017 paliandikwa "December 31, 2018". Walker alifuta 1, mkato na 2. Ikabaki "December 3018", na zuio la mwaka mmoja, lililohusu fedha za miradi ya nishati shuleni, likawa la miaka elfu.

Alishindwa 2018 kwa kura chache. Kwa nini hakudai zihesabiwe upya?

Tony Evers wa Democrat alimshinda kwa kura 29,227, tofauti ya asilimia 1.1. Sheria inamruhusu aliyeshindwa kudai hesabu mpya iwapo tofauti haizidi asilimia 1. Kikomo hicho kiliwekwa baada ya mgombea wa chama kidogo kudai hesabu mpya ya kura za urais za 2016, na aliyekitia saini, Novemba 2017, ni Walker mwenyewe.