Access inajifunga nikifungua fomu ya mauzo, niiondoe Office?

Swali: Salaam aleikum fundi. Tuna duka la vipuri vya magari huku Mwembe Tayari, stoku yote naiweka kwenye Access, ile programu ya databesi ya Microsoft Office, kwa kompyuta ya mezani. Tangu stima ipotee ghafla wiki iliyopita, nikifungua tu fomu ya mauzo inaganda halafu inajifunga. Nimerestati mpaka nimechoka. Niiondoe Office niiweke upya?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu, usiondoe kitu. Na hiyo faili usiifungue tena mpaka uikopi kwa flashi, maana kila ikijifunga katikati ya kuandika yaweza kuharibika zaidi, na Office tutaipata saa yoyote lakini hesabu za duka haziko kwengine.

Ukishakopi, tujue kwanza mgonjwa ni nani. Fungua Access, tengeneza databesi tupu, weka jedwali dogo na fomu yake, ichezee dakika mbili tatu. Ikijifunga hata hapo basi Office ndio ina kasoro, nenda Control Panel uifanyie Quick Repair. Ikikaa sawa, ubovu uko ndani ya faili, na kwa hiyo habari ya stima mimi naona ni huko huko, kwa sababu stima ikikatika wakati Access inaandika data hubaki nusu nusu.

Sasa funga kila kitu uangalie kwenye folda, kama kuna faili yenye jina lile lile inayoishia .laccdb, hiyo ni kufuli, hufutika yenyewe mtu wa mwisho akitoka. Ikiwa imebaki na una hakika hakuna kompyuta nyengine imefungua, ifute. Kisha ifungue ile kopi huku umeshikilia Shift ili fomu za mwanzo zisijifungue zenyewe, ingia Database Tools, bonyeza Compact and Repair Database, inaibana faili na kuirekebisha.

Bado? Basi yaelekea ni ile fomu yenyewe, majedwali mara nyingi huwa mazima. Fungua databesi tupu, kupitia External Data vuta majedwali kwanza, halafu kweri (query, zile za kuchuja data), halafu fomu moja moja huku ukijaribu kila moja, itakayoangusha programu iache huko huko uiunde upya. Kazi ya kuchosha lakini data yako inatoka salama.

Tazama pia ukubwa, Access mwisho wake ni GB 2. Kuna mteja wangu alikuwa anabandika picha ya kila bidhaa ndani ya jedwali mpaka faili ikakaribia kujaa, tukazihamisha picha kwenye folda, na faili haikupungua hata kidogo mpaka tulipoifanyia Compact. Wengi hawalijui hilo.

Na tafadhali nunua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo, ikupe dakika chache za kufunga vizuri.

Ukikwama, andika eventvwr kwenye Start, ni daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs kisha Application, tafuta alama nyekundu ya saa ile ilipojifunga, unitumie lile jina lililo mbele ya Faulting module name.