Mume wangu ameniharibia wikendi ya familia

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu: binti wa miaka 15 na wavulana wa 12 na 8. Tunaishi Minneapolis mwaka wa tisa huu. Baridi ikiingia nyumba inageuka gesti, kila mtu na chumba chake. Januari hii nikakodi nyumba ya mbao kando ya ziwa, siku mbili, sisi tu. Ratiba nikaibandika kwenye friji: saa mbili chai, saa tatu michezo, saa tano picha, simu zote kapuni. Hata sweta nyekundu za kufanana nilinunua. Mume wangu, ambaye hufanya kazi ghalani zamu ya usiku, akawaacha walale mpaka saa nne, akawapa uji. Halafu akawapeleka wavulana kuvua samaki juu ya barafu ya ziwa! Ati alitoboa tundu akapima kwa rula, inchi 11. Wamerudi saa tisa. Picha tumepiga jua likizama, na mdogo akalia vidole nilipomwambia avue glavu kubwa za baba yake zisiharibu picha. Binti naye akarudishiwa simu bila mimi kuulizwa. Nikaingia chumbani. Hakuja kunibembeleza, nilimsikia tu yeye na binti jikoni wakicheka mpaka saa sita usiku, wanakaanga kaimati. Wewe mwenyewe husema samaki mkunje angali mbichi. Nimfanyeje mwanamume huyu?*
*Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Pole, baridi ya ugenini huongeza uchungu hata wa jambo dogo. Pole imeishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara namwona mumeo tu humo. Wewe nakuona mlangoni umeshika ratiba.

Uji ule nani aliupika? Unasema "akawapa uji" kama vile ulitoka bombani. Mtu amekesha ghalani wiki nzima, siku yake ya kulala akaamka kabla ya wanawe na kushika mwiko. Na binti wa miaka 15 kulala mpaka saa nne si ukaidi. Umri ule usingizi huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. Saa mbili ya Jumamosi kwake ni usiku wa manane.

Barafu nayo, hofu yako siicheki. Idara ya maliasili ya Minnesota huonya watu wasikanyage barafu mpya iliyo chini ya inchi 4, na husema wazi kwamba hakuna barafu ya kuaminika moja kwa moja. Ila mumeo ametoboa, amepima, kapata inchi 11, na wewe hesabu hiyo umeniandikia kama mashtaka! Mwanao mdogo kakaa ziwani tangu asubuhi mpaka saa tisa, hakulia. Alilia dakika zile za picha, mikono mitupu, baada ya wewe kumvua glavu za babake. Hapo nilitua barua nikanywa maji.

Simu angekuuliza, hilo nakupa. Basi.

Nilikaa Lushoto miaka sita, mume wangu akifundisha. Julai ya Lushoto si kipupwe cha Tanga cha kujitupia kanga mabegani. Ukifungua mdomo unatoa moshi. Tulikuwa na jiko moja la kuni, bandani. Wanangu wakubwa, wenye kununa kama wako, wakitaka joto hawana pengine pa kwenda. Wanakuja, wanakalia gunia la viazi, wananuna hapo hapo huku wakimenya njegere, na baada ya nusu saa mmoja anaanza kusimulia. Sikubandika ratiba popote, na friji yenyewe sikuwa nayo. Nyumba yako wewe ina joto kila chumba, na bili unalipa. Baridi itawakusanya vipi? Mumeo kaliona hilo, akatafuta jiko: mchana tundu la barafu, usiku karai la mafuta.

Ndoa za siku hizi, na sisemi na wewe peke yako, zimekuwa na watazamaji wengi kuliko wanandoa. Chai inapoa watu wanatafuta pembe yenye mwanga. Mke anamnunia mume kwa sababu ya picha itakayotazamwa na shoga aliye Dubai kwa nukta mbili, huku akivuka foleni. Na waume wamo: wapo wanaopeleka familia ufukweni wakashinda kwenye televisheni ya baa, mpira. Wako hayumo humo, na bado unaniuliza umfanyeje.

Samaki mkunje, ndiyo, nasema. Lakini huyo wa miaka 15 keshaanza kukauka, ukimkunja leo atavunjika, na mwiba utakuchoma wewe. Tena saa sita usiku alikuwa macho, anacheka, mikono ina unga, shira inachemka. Simu alikuwa nayo, umesema mwenyewe, na bado mikono yake ilikuwa kwenye karai. Kilichokutenganisha naye ni mlango, nao uliufunga wewe, ukilala macho kusubiri kubembelezwa.

Usimfanye kitu mumeo. Mwambie kaimati zilinukia mpaka chumbani na wewe hukubakishiwa, uone atakavyokujibu. Binti mwombe akuonyeshe kipimo chake cha hamira, na akikosea nyamaza. Ratiba ibandue. Jumamosi ijayo vaa suruali mbili na soksi za sufu, uende ziwani ukakae kwenye ndoo iliyopinduliwa kama wanavyokaa wao, glavu za mdogo zisiguswe. Simu iache nyumbani. Kwa baridi ile betri yenyewe haifiki saa tano.