Bia ya Majira ya Baridi Haitaki Friza

Desemba ya mwaka juzi mpwa wangu anayesoma Uingereza alirudi nyumbani Kibosho, kama Wachagga wote wanavyorudi kuhesabiwa, akiwa na chupa mbili za bia alizozivisha soksi nzito na kuzificha katikati ya begi. Zilikuwa za nusu lita kila moja, za kioo cha kahawia, kutoka kiwanda kidogo cha Yorkshire kinachopika bia hiyo kwa ajili ya majira ya baridi tu, na lebo ilionyesha kilevi cha asilimia 7.5. Chupa ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Ya pili niliinywa Julai nyumbani kwangu Ngaramtoni, Arusha, na ndiyo iliyonipa la kumwambia mtu atakayeletewa zawadi ya namna hii.

Kosa langu lilikuwa friza. Moshi ilikuwa na joto la Desemba, friji imejaa nyama ya sikukuu, nami nikaisukumia chupa kwenye barafu kwa saa mbili nikiamini kwamba ninaitendea haki. Ilipofunguliwa povu lilikuwa jembamba, harufu haikuwepo kabisa, na mdomoni ilikuwa kama maji ya barafu yaliyotiwa sukari guru, yenye uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Shemeji alionja mara moja, akaomba kwa adabu aletewe bia yake ya siku zote, na sikuwa na cha kumjibu.

Bia tulizozizoea baa, yaani lagero, huchachuliwa na hamira inayofanya kazi kwenye ubaridi wa nyuzi 7 hadi 13 hivi, kisha hutulizwa kwenye ubaridi zaidi, na ladha yake safi na nyepesi haipotezi mengi ikinywewa ya baridi. Eli, ambayo Waingereza huiita ale na ndiyo bia aliyoniletea mpwa wangu, ni jamii nyingine. Hamira yake hupenda joto la nyuzi 15 hadi 24, na katika joto hilo huzalisha harufu zinazokumbusha matunda, kama zabibu kavu, tende au ndizi iliyoiva sana. Eli ya majira ya baridi huongezewa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kingi kuliko kawaida, na sehemu ya kimea hicho huwa kimekaushwa kwa moto mkali hadi kikawa cha kahawia au cheusi, ndipo unapata rangi nzito, utamu wa sukari iliyoungua kidogo na kilevi cha kumfanya mtu aliyetoka kwenye theluji ahisi joto. Harufu zote hizo zinahitaji joto kidogo ili zipande kutoka kwenye glasi. Ukiigandisha, unabaki na utamu na uchungu peke yake.

Mhudumu wa baa yetu yoyote hukuuliza, kabla hata hujaketi vizuri, kama unataka ya baridi au ya moto. Kwa eli hii jibu liko katikati, karibu nyuzi 10 hadi 13, na uzuri wa Arusha ni kwamba mwezi Julai usiku wenyewe huifikisha huko bila umeme. Mimi niliiacha chupa ya pili kwenye sakafu ya stoo tangu jioni. Kama huna sakafu ya namna hiyo, iweke kwenye friji ya kawaida, uitoe na kuiacha mezani nusu saa kabla ya kuifungua.

Miezi saba ile yote chupa ilikaa imesimama ndani ya boksi, mbali na dirisha. Mwanga ni adui wa bia, kwa sababu huvunjavunja kile kinacholeta uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, na kuacha harufu mbaya, na ingawa kioo cha kahawia hukinga vizuri kuliko cha kijani au cheupe, giza linakinga zaidi. Bia nyepesi nisingethubutu kuiweka muda huo. Hii, kwa wingi wa kimea na kilevi chake, ilistahimili.

Siku yenyewe Mlima Meru haukuonekana tangu asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Alikuwepo baba mkubwa, ambaye amekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa zaidi ya miaka hamsini, pamoja na jirani mmoja. Nilisuuza glasi tatu ndogo kwa maji matupu, maana mafuta au sabuni iliyobaki kwenye glasi huua povu, nikamimina polepole kwa kuinamisha. Safari hii povu lilisimama, lenye rangi ya chai ya maziwa, na kabla sijainua glasi nikaisikia harufu ya mkate ulioungua ukingoni.

Nikatangaza kwa kujiamini kwamba kuna mdalasini na karafuu. Nilikuwa nimesikia kwamba bia nyingi za majira haya hutiwa viungo, mdalasini, kungumanga, tangawizi au maganda ya chungwa, basi ulimi wangu ukaenda kuvitafuta. Jirani akachukua chupa, akasoma kwa sauti: maji, kimea cha shayiri, hopsi, hamira. Hakuna kiungo hata kimoja. Kwa hiyo onja kwanza, useme unachokisikia, ndipo usome lebo, na ukubali kuchekwa.

Baba mkubwa hakuwa na haraka ya kusifu. Alinusa, akameza kidogo, akakaa kimya, kisha akasema, "Hawa nao wana msesewe wao." Nadhani hakuna aliyeieleza hopsi vizuri kuliko hapo. Mbege ni utamu wa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchachuka, ikaunganishwa na ulezi ulioota, na gome la msesewe ndilo linaloutia utamu huo uchungu usimkinai mnywaji. Maua ya hopsi hufanya kazi hiyohiyo dhidi ya utamu wa kimea. Aliyekulia kwenye mbege tayari anajua kuisoma eli ya baridi: autafute utamu kwanza, kisha aangalie uchungu unaingia lini na unaondoka lini.

Kuhusu kiasi, hesabu ni rahisi. Nusu lita ya asilimia 7.5 ina mililita 37.5 za kilevi halisi, wakati nusu lita ya lagero ya asilimia 4.5 ina 22.5. Chupa moja kwa watu watatu inatosha, na mwenye gari aliache. Tuliinywa pamoja na mbuzi wa kuchoma aliyetiwa chumvi na ndimu tu, wakapatana vizuri sana. Pilipili nilijaribu, ikauzidisha moto wa kilevi kooni, sikurudia.

Mwisho wa chupa kulikuwa na masimbi ya hamira, kwa kuwa bia hii humalizia kuchachuka ndani ya chupa. Wengi huyaacha ili glasi ibaki angavu, nami niliinuka kwenda kuyamwaga kwenye sinki. Baba mkubwa akanyoosha glasi yake na kuniuliza kwa nini ninamwaga sehemu yenye chakula.