Kulinda anwani za barua pepe kwenye tovuti: kwa wanaoanza kazi hii

Anayeanza kutengeneza tovuti za shule, zahanati au vyama vya ushirika huombwa mapema kuweka anwani ya barua pepe ya ofisi chini ya kila ukurasa. Kabla ya kukubali, ni vyema ajue anwani huvunwaje. Watuma barua taka hutumia programu zinazofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, zikisoma msimbo wa HTML na kunasa kila mfuatano wa herufi wenye alama ya @ na jina la kikoa. Anwani ikishanaswa huingia katika orodha zinazouzwa na kunakiliwa, na kuifuta baadaye kwenye ukurasa hakuiondoi humo. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama kuna haja ya kuiweka, na anwani binafsi za watumishi msiziweke kamwe pale ambapo anwani ya idara ingetosha.

Njia za kuficha hazilingani. Kuandika @ (msimbo wa HTML wa alama hiyo) badala ya @ ni kinga dhaifu, maana programu ya kuvuna huweza kuigeuza kwa urahisi uleule wa kivinjari. Kuunganisha vipande vya anwani kwa JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, kunasaidia zaidi, kwa kuwa wavunaji wengi husoma msimbo bila kuuendesha. Picha ya anwani siipendekezi kabisa: asiyeona, anayetegemea programu ya kusomewa skrini, hapati kitu, na mwenye simu hawezi kuinakili. Hao ndio tuliowajengea tovuti.

Mimi hupendelea fomu ya mawasiliano, ingawa fomu iliyoundwa vibaya ina hatari kubwa kuliko anwani iliyo wazi. Programu ya FormMail ya Matt Wright, ya kutuma kwa barua pepe yaliyojazwa kwenye fomu, iliyotoka mwaka 1995 na kuenea sana, ilichukua anwani ya mpokeaji kutoka sehemu iliyofichwa ndani ya fomu yenyewe. Watuma barua taka wakaibadilisha watakavyo, na seva za watu wasio na hatia zikawa zinasambaza barua zao taka. Andikeni anwani ya mpokeaji kwenye seva tu. Kisha kataeni herufi ya mstari mpya katika sehemu za jina, anwani na mada, kwani kwa herufi hiyo moja mtu huweza kupenyeza kichwa cha Bcc: (mstari wa nakala za siri) na kuwatumia wengine mamia kupitia kwenu. Ongezeni pia sehemu iliyofichwa kwa CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa), yenye maelezo "usijaze hapa" kwa ajili ya wanaosomewa skrini; watu hawaioni, lakini programu za barua taka huijaza. Ujumbe wowote utakaofika ikiwa imejazwa utupwe.

Anwani kama info@ hukisiwa hata bila kuvunwa, hivyo chujio la barua taka bado linahitajika kwenye seva ya barua.

Siku ya kukabidhi kazi, tafuteni alama ya @ katika mafaili yote ya tovuti, zikiwemo ripoti za PDF, ambako orodha za wajumbe wa bodi husahaulika pamoja na anwani zao.