Usiseme "sitaki" kwa simu

Juzi nikiwa Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, dumu la mawese mkononi, kijana mmoja wa Kasulu ameniandikia: "Dada, nimepunguzwa kazi. Bosi kanipigia, anasema kuna nafasi Kakonko, mshahara nusu ya ule wa zamani. Nikamwambia abaki nayo. Sasa jamaa wananiambia haki zangu zote zimekwenda, ukikataa kazi hulipwi. Kweli?"

Nililiweka dumu chini. Maneno aliyomwambia bosi wake ndiyo hayohayo yaliyonitoka mimi mwaka 2025.

Nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja lililohudumia kambi za wakimbizi. Miaka mitano na miezi minane, mkataba usio na ukomo, mshahara wa msingi 780,000. Januari ile Marekani iliposimamisha fedha zake za misaada, mashirika mengi huku kwetu yaliyumba, na letu likaanza kupunguza watu. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili. Nililia kwenye bajaji kutoka ofisini mpaka Mwanga, dereva wa watu akakataa hata nauli.

Wiki moja baadaye afisa utumishi akanipigia. Kuna nafasi Kibondo, mkataba wa miezi mitatu, laki nne na nusu. Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja na ni mimi niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Hilo sikulisema. Nilichosema ni, "Kaka, hiyo kazi mpe mwanao," nikakata simu. Nilijisikia mtu kweli! Nilikaanga migebuka siku ile, nikawasimulia majirani jinsi nilivyomkomesha.

Barua ilipokuja ilikuwa na mistari minne. Kwamba nimekataa kazi mbadala bila sababu za msingi, kwa hiyo sina kiinua mgongo. Na kwamba "ameamua kuacha kazi kwa hiari yake." Mstari huo wa mwisho ndio uliokuwa na sumu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 42, inampa mfanyakazi aliyeachishwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mwisho miaka 10. Kwangu siku moja ilikuwa 30,000, mara saba, mara miaka mitano: 1,050,000. Lakini kifungu hichohicho kinasema aliyepunguzwa kazi akakataa kazi mbadala pasipo sababu ya maana, iwe kwa mwajiri yuleyule au kwa mwingine, hakipati. Afisa utumishi hakutunga. Alichofanya ni kulichukua lile jibu langu la kiburi akaliita kukosa sababu.

Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii tunaouchangia kazini, ni habari nyingine, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Fao hilo linatazama umeondokaje. Aliyeacha kazi mwenyewe halimhusu. Uwe umechangia angalau miezi 18, hujafika miaka 55, na hujapata kazi nyingine. Ukitimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi, isizidi miezi 6. Kwa hiyo ule mstari wa "kwa hiari yake" ulikuwa unaninyima karibu 260,000 kila mwezi.

Nilikwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, siku ya 26. Siku za kulalamikia kuachishwa kazi ni 30, na mimi nilizipoteza karibu zote nikinuna. Nikajaza Fomu Namba 1, nikabeba vyeti vya hospitali vya mama na hati za mshahara. Kwenye usuluhishi msuluhishi alimwuliza yule kaka swali moja tu: mlimwita mkamsikiliza kwa nini hataki? Kaka akaanza kufungua mafaili. Tulimalizana siku hiyohiyo. Nikalipwa kiinua mgongo chote, na barua ikaandikwa upya, "amepunguzwa kazi." Niliipiga picha nikaiweka kwenye hali ya WhatsApp siku tatu mfululizo. Mtanisamehe, lakini niliteseka.

Hata hivyo sijamaliza uchungu. Miezi ile ya kusubiri nilikopa mpaka kwa wifi yangu, na wifi akikukopesha ukoo mzima unajua.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Kazi mbovu una haki ya kuikataa, ila ikatae kwa maandishi. Andika kwamba mshahara umepungua kwa kiasi gani, andika nani unamuuguza, andika umbali. Simu haina ushahidi. Bosi akikupigia, mjibu kwa upole, kisha uandike. Na karatasi yoyote yenye maneno "kuacha kazi kwa hiari" usiisaini hata wakikuahidi mshahara wa mwezi mmoja juu, hata kama afisa utumishi ni mjomba wako. Sisi watu wa Kigoma tuna hasira za karibu na tunaona kuandika barua ni kujidhalilisha. Aliyejidhalilisha ni mimi niliyekata simu! Andikeni, jamani.

Kijana wa Kasulu nimemwambia aandike leo, siku zake hazijaisha, aeleze sababu zote ambazo hakuzisema kwenye simu. Amenijibu usiku: "Dada, kwa Kiswahili au Kiingereza?" Nimemwambia Kiswahili kinatosha, atoe nakala mbili, na ya kwake asiondoke nayo mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa.