Re: Baiskeli ya mtumba yenye shokapu ya mbele tu, itaweza kushuka Usambara?

Mkuu, umetaja fremu ya alumini, shokapu ya milimita 100, diski za 160 na gia saba nyuma, na unataka kuacha barabara za vumbi za Muheza ushuke njia za miguu kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kwa ilivyo sasa, bado. Ila shokapu unayoilaumu ni shida ya tatu.

Ya kwanza ni ekseli ya nyuma. Gia saba za mtumba mara nyingi ni friwili, yaani gia zinazokazwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kama skrubu, ambayo huacha beringi ya upande wa cheni mbali na fremu. Kipande cha ekseli kinabaki bila egemeo, na ukitua kwenye mawe kinapinda, kisha kinakatika. Toa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole: ncha ikiyumba, imeshapinda. Tafuta gurudumu lenye habu ya kaseti, yaani gia zinazochomekwa juu ya habu. Habu ya gia 8 au 9 inapokea kaseti ya gia saba ukitanguliza ringi ya milimita 4.5, hivyo shifta yako inabaki.

Breki sasa. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Mombo karibu 400. Joto la mteremko wote huo linaishia kwenye diski mbili na vipande vidogo vya pedi. Pedi ikibaki nusu milimita, badilisha. Diski ya Shimano ikifika unene wa milimita 1.5, tupa. Mbele weka ya 180, kama foko (uma wa mbele wenye shokapu) inaruhusu. Kwa mkono uleule utapata nguvu zaidi kama asilimia 12. Breki zikiwa za waya, pedi moja tu ndiyo husogea kwa nyingi, kwa hiyo beba spana ya kukazia njiani. Zikiwa za mafuta za Shimano, fundi asikuwekee mafuta ya breki za gari: yanaharibu sili.

Shokapu: funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye nguzo yake, kaa juu ya baiskeli kwa utulivu, shuka upime kamba imesogea kiasi gani. Milimita 20 hadi 25 ni sawa. Shokapu ikifika mwisho kila ukipita korongo dogo, springi ni laini kwako. Usishawishike kuweka foko ya 140 kwenye fremu ya 100. Inalaza pembe ya mbele kama nyuzi mbili na kuongeza mzigo kwenye shingo ya fremu, na hapo ndipo alumini huchanika, chini ya maungio. Pafute vizuri, utazame kwa tochi. Mstari mwembamba kwenye rangi unatosha kuistaafisha fremu. Baiskeli zilizokaa Tanga mjini, kagua pia nipeli (vinati) za spoku. Chumvi huzila kimyakimya.

Tairi za inchi 2.1 hazifai. Weka 2.35 kama fremu inaacha nafasi ya milimita 6 kila upande. Kwa kilo 70 na tyubu, anza na upepo wa PSI 28 mbele, 31 nyuma. Ukikuta matundu mawili sambamba kwenye tyubu, ongeza PSI mbili.

Halafu tafuta kwenye fremu stika ya kundi la ASTM, shirika la viwango, inayoonyesha baiskeli imetengenezwa kwa matumizi magumu kiasi gani. Kundi la 3 mwisho wake ni kuruka sentimita 61, la 4 ni 122. Yako karibu hakika ni 3, kwa hiyo hata ukimaliza yote haya, ngazi za mawe utashuka kwa kubingirika, hutaziruka. Na si wakati wa masika. Ule udongo mwekundu ukilowa hauna tairi inayouweza.